Fundi Aliyekwenda Kusomea Mchezo

Kwa miaka kumi na saba, mtu aliyemtaka Fundi alishuka ngazi za nyuma za hospitali, akapita mashine za kufulia zilizonguruma mchana kutwa, akageuka kulia penye pasi ya mvuke, na hapo, chini ya dirisha lenye wavu, akamkuta ameinamia cherehani. Alishona mashuka yaliyochanika, alirudishia mikanda ya gauni za wagonjwa, alipunguza mapazia. Jina alikuwa nalo, tena zuri tu, lakini hospitali nzima ilimwita Fundi, na nyumbani pia mambo yalikuwa hayohayo. Mumewe alikuwa fundi rangi. Majirani walipenda kusema kwamba nyumba ile ina mafundi wawili na mlango wa jikoni haufungi.

Fundi hakuwa mtu wa kulalamika. Shule aliiacha kidato cha pili, mwaka aliofariki baba yake, na kazi hii alipoipata miaka kadhaa baadaye, akaishika kwa mikono miwili. Kama ungemwambia kwamba siku moja ataketi darasani akiwa na umri wa miaka arobaini na moja kusomea namna watoto wanavyocheza, angekutazama kama mtu aliyepigwa na jua.

Asubuhi moja aliitwa wodi ya watoto kwa sababu ya gauni. Gauni mpya za kuvaa kabla ya upasuaji zilikuwa zimeletwa za saizi moja, na mtoto wa miaka mitatu akivaa yake alipotelea ndani kama punje kwenye gunia. Sista Mkuu, muuguzi aliyeisimamia wodi ile, alitaka Fundi apande na tepu yake awapime watoto wenyewe.

Akakuta kizaazaa. Binti wa miaka sita, ambaye wauguzi walimpachika jina la Bosi kwa jinsi alivyowaamrisha, alikuwa amejibanza chini ya kitanda, mgongo ukutani, amekumbatia mto. Mguu wake ulikuwa umevunjika na kuunga vibaya, na daktari alikuwa akimsubiri auweke sawa. Mama yake alikuwa amepiga magoti, sauti imemkauka kwa kubembeleza. Muuguzi mmoja alijaribu utamu, mwingine akajaribu ukali. Mhudumu wa machela alisimama mlangoni akitazama saa.

"Sivai!" Bosi alipiga kelele. "Sivai, sivai, siendi!"

"Muda unakwenda," alisema yule wa machela. "Mshikeni tu avalishwe."

Watu baadaye waliitia chumvi hadithi hii, wakasema Fundi alikuwa na kipaji cha ajabu, aliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Yeye mwenyewe husema alikaa chini kwa sababu aliagizwa apime watoto, na mtoto alikuwa chini.

"Habari yako, mwanangu," alisema. "Mimi ni fundi. Nimekuja kupima gauni."

"Sivai."

"Haya. Na huyo?" Akauonyesha mto.

Bosi aliutazama mto, akamtazama Fundi, akautazama tena mto. "Huyu ni mtoto wangu."

"Ahaa. Hongera. Anaumwa nini?"

Bosi aliupapasa mto upande wa chini. "Mguu."

"Pole yake. Anaogopa?"

"Anaogopa sana," Bosi alisema, na sauti yake ikashuka. "Hataki kulazwa usingizi huko ndani peke yake. Akiamka mama yake hayupo."

Mama yake Bosi alijiziba mdomo kwa kiganja. Tangu alfajiri walikuwa wakimwambia mtoto kwamba gauni haliumi na sindano haiumi, kumbe hofu yake haikuwa na habari na gauni wala sindano. Sista Mkuu akaahidi palepale kwamba mama atakuwepo mtoto akiamka.

Fundi aliupima mto bega kwa bega, kama anavyompima bibi harusi, akaandika vipimo kwenye kiganja chake. Alishuka, akachukua kipande cha kitambaa cha kijani, na baada ya robo saa akarudi na gauni la mto, lina mikanda miwili nyuma. Bosi akatoka chini ya kitanda akiburuta mguu. Alimvalisha mwanawe mwenyewe, akamfunga mikanda mwenyewe, akamweleza kwa kirefu kwamba mama yake atakuwepo akiamka, ameahidiwa na Sista. Halafu akanyoosha mkono. "Na langu liko wapi?"

Daktari aliposimuliwa hakucheka. Aliagiza mto ulazwe kwenye machela pamoja na mwenyewe, na mama asimame pale Bosi atakapofumbua macho. Alipofumbua, mama alikuwepo, na mto ulikuwa umefungwa bandeji mguuni, ingawa hakuna mpaka leo anayeweza kusema mguu wa mto ni upi.

Kesho yake Sista Mkuu alishuka mwenyewe chumba cha kushonea, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye hatua nzito na maneno machache, na wauguzi wapya walimwogopa kama mtihani.

"Fundi, ile kazi ulijifunza wapi?"

"Kushona? Kwa mama yangu."

"Siulizi kushona. Naulizia ile uliyofanya sakafuni."

Fundi alicheka, akidhani ni utani. Lakini Sista Mkuu hakuwa na mazoea ya utani saa tatu asubuhi. Alimwomba apande wodini kila Alhamisi, saa moja tu, akae na watoto wanaosubiri upasuaji. Alikuwa amekwisha kuzungumza na msimamizi wa dobi, na msimamizi alikubali huku akinung'unika.

Saa moja ya Alhamisi ikawa saa mbili. Fundi alipanda na kapu la vitambaa, vifungo na soksi zilizopoteza wenzao, na watoto wakatengeneza wagonjwa wao, wakawapiga sindano kwa vijiti, wakawapa dawa za kufikirika na kuwakaripia wasilie. Alikuwa akirudi nyumbani jioni akiwa mwepesi, akimhadithia mumewe vituko vyote mpaka mumewe naye akawajua watoto kwa majina yao ya utani.

Miezi minne baadaye Sista Mkuu alimwekea karatasi juu ya cherehani. Chuo kimoja mjini kilikuwa kinafundisha watu wa kuwahudumia watoto kwa njia ya mchezo, hospitalini, shuleni na kwenye makazi ya watoto. Miezi tisa, siku mbili darasani kwa wiki, siku nyingine mazoezi kazini.

"Kusomea mchezo?" Fundi aliuliza. "Sista, mchezo unasomewa?"

"Kulia tunajua sote, lakini kuna watu waliosomea machozi wakawa madaktari wa macho. Soma hiyo karatasi."

Aliisoma. Mstari wa tatu ulimkata maini: cheti cha sekondari. Akaikunja, akaitia chini ya mfuko wa vifungo, akaendelea kushona. Nyumbani alimtajia mumewe kama mtu anayesimulia kichekesho, na mumewe alicheka kweli, akacheka mpaka akaona kwamba mkewe hacheki.

"Unataka kwenda?" aliuliza.

"Nitatakaje kitu nisichoruhusiwa?"

"Sijakuuliza kama unaruhusiwa. Mimi nimepaka rangi nyumba za watu ambamo nisingeruhusiwa kukaa kwenye kiti. Nimeuliza kama unataka."

Fundi alisema anataka. Akashangaa jinsi neno lilivyotoka upesi.

Chuoni alipokewa na mwalimu mmoja mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Kila mtu alimwita Mwalimu tu, kana kwamba chuo hakikuwa na mwingine. Alimweleza kwamba kulikuwa na njia ya pili kwa watu waliokwisha kufanya kazi na watoto: barua ya mwajiri, mahojiano, na mtihani wa kusoma na kuandika. Mtihani ungekuwa baada ya miezi sita.

"Mara ya mwisho uliandika insha lini?" Mwalimu aliuliza.

"Mwalimu, mara ya mwisho niliandika vipimo vya suruali."

"Basi unajua kutopoteza maneno. Tuanzie hapo."

Miezi ile sita binti yake mkubwa, aliyekuwa kidato cha tatu, aligeuka mwalimu wa nyumbani, na alikuwa mkali kuliko wa kulipwa. Waliketi mezani baada ya kula, vyombo vikiwa bado, mama upande huu, binti upande ule na kalamu nyekundu.

"Mama, hii ni insha au ni orodha ya sokoni?"

"Si umeniambia niandike kwa ufupi?"

"Ufupi, ndiyo. Lakini sentensi inataka kitenzi, jamani. 'Mtoto. Mpira. Furaha.' Nani kafanya nini hapa?"

Walicheka mpaka mumewe akauliza kutoka chumbani kama huko ni shule au ni klabu. Fundi alifaulu mtihani ule kwa alama za kati na kati. Binti aliibandika barua ya matokeo kwenye mlango wa jikoni, ule usiofunga, na mama yake alipoipita kila asubuhi alijisikia kama amepewa nauli ya kwenda mbali.

Darasani walikuwa kumi na wanane. Wengi wangeweza kuwa watoto wake, na hawakuchelewa kumwita Shangazi. Alikuja akidhani watafundishwa michezo. Badala yake walifundishwa mtoto anavyokua mwezi hadi mwezi, namna ya kutambua maumivu kwa mtoto asiyeweza kusema, namna ya kuzungumza na mzazi mwenye hofu, namna ya kuosha vichezeo ili maradhi yasihame kitanda hadi kitanda, na namna ya kuandika ulichokiona badala ya unachokidhani. Hilo la mwisho lilimtesa. Akiandika "mtoto alifurahi," Mwalimu alipiga mstari. "Ulionaje furaha? Niandikie macho, mikono, sauti."

Lakini pigo lenyewe lilikuja mwezi wa sita, kwenye mtihani wa vitendo. Mwalimu alikuja wodini akaketi pembeni na daftari. Fundi alichagua mtoto mmoja mchangamfu na sanduku la matofali ya mbao. Alijenga naye nyumba, akamwonyesha mlango unawekwa wapi, akamshikia paa lisianguke, akamalizia na bustani. Mtoto alipiga makofi. Fundi alijipigia makofi moyoni.

"Nyumba nzuri," Mwalimu alisema walipotoka wodini. "Nani alijenga?"

"Mtoto."

"Mtoto alishika tofali mara nne. Wewe nilianza kukuhesabu nikaacha." Alivua miwani, akaifuta. "Fundi, wewe una mikono ya dhahabu, na hilo ndilo tatizo. Mtoto aliye hospitalini anaamuliwa kila kitu: ale nini, alale saa ngapi, achomwe wapi. Kimebaki kitu kimoja tu ambacho angeweza kuamua yeye, nawe umemsaidia mpaka ukamnyang'anya. Sikupi alama za kufaulu. Utarudia baada ya wiki sita."

Fundi alishuka ngazi za nyuma hatua baada ya hatua, akaingia stoo ya mashuka, akalia akiwa amejifunika uso na foronya. Alilia kwa hasira kwanza. Miaka kumi na saba mikono ile ndiyo iliyomlisha! Halafu akalia kwa sababu alijua Mwalimu amesema kweli. Watoto wake mwenyewe aliwavalisha viatu mpaka wakafika darasa la tatu, maana yeye alikuwa na haraka na wao walikuwa wa polepole.

Sista Mkuu alimkuta humo. Hakumpa maneno matamu. Alisema tu, "Kitanda cha tisa kuna mtoto wa miaka minne. Aliungua na uji wa moto. Ana siku tano hajasema neno hata kwa bibi yake. Nenda ukae naye, usifanye kitu."

"Nisifanye kitu?"

"Wewe si umeambiwa hivyo? Basi."

Fundi alikwenda na makopo mawili na vifungo vyake. Aliviweka juu ya mkeka, akaketi, akaikalia mikono yake kwelikweli, kama mtu anayeogopa itaiba. Siku ya kwanza mtoto hakutazama. Siku ya pili alitazama. Siku ya tatu alitoa kifungo kimoja kopo hili akakitia lile, kwa mkono usio na bandeji, akarudia mpaka saa ikaisha. Moyo wa Fundi ulikuwa ukimwambia ahesabu kwa sauti, amfundishe rangi, amsifu, afanye lolote. Akajikaza kisabuni. Siku ya nne vivyo hivyo. Bibi wa mtoto, aliyekuwa ameketi kitandani, alimwuliza kwa upole, "Mama, hii ndiyo kazi yenyewe?" Fundi akamjibu, "Bibi, hata mimi najiuliza."

Siku ya tano mtoto alichukua kifungo kikubwa chekundu, akakitelezesha taratibu kwenye mkeka mpaka kikagusa goti la Fundi. Fundi alikitazama. Akakitelezesha kurudi, taratibu vilevile. Mtoto akakituma tena. Wakaenda hivyo mara ishirini, thelathini, hakuna aliyesema. Kisha kifungo kikapinda njia, kikaingia chini ya kitanda, na mtoto akasema waziwazi, kwa sauti iliyokwaruza kwa kukaa kimya, "Kimetoroka!"

Bibi alimshukuru Mungu papo hapo, machozi yakimdondoka mpaka kwenye kanga. Fundi aliingia chini ya kitanda kumtafuta mtoro, na alikaa huko kidogo zaidi ya ilivyohitajika, apate kufuta uso.

Aliporudia mtihani wiki ya sita, Mwalimu alifunga daftari kabla ya muda kwisha. Fundi akadhani ameharibu tena. "Nimeona," Mwalimu alisema, akaondoka.

Cheti alikipata. Nafasi ya kazi haikuwepo. Kwenye orodha ya vyeo vya hospitali walikuwemo mpaka mtunza bustani na mrekebisha saa, lakini hapakuwa na mtu wa mchezo, na kilichokosekana kwenye orodha hakiajiriwi. Fundi alirudi kwenye cherehani, cheti kikiwa kwenye fremu nyumbani, na Alhamisi zake zikiwa zilezile. Jirani mmoja alimwuliza kama hajajuta kupoteza muda wote ule. Alisema hapana, na kwa siku nyingi ilikuwa kweli.

Ambacho hakujua ni kwamba Sista Mkuu alikuwa ameanza vita ya barua. Aliandika kwa mkurugenzi, akaandika tena. Akamfanya daktari wa upasuaji naye aandike. Na alichoambatisha ni daftari la Fundi mwenyewe, lile la kuandika ulichokiona. Mle mlikuwa na mtoto mmoja mmoja: nani aliingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake, nani alishika barakoa ya dawa ya usingizi mwenyewe, nani aliyelazimika kushikwa zamani na sasa hashikwi.

Mkurugenzi alikuja Alhamisi moja kujionea. Alikusudia kukaa dakika kumi. Binti mmoja wa miaka mitano, aliyekuwa daktari siku hiyo, alimtazama toka juu hadi chini, akamwambia, "Wewe unaumwa. Lala." Mkurugenzi aligeuka kumtazama Fundi, na Fundi hakufanya kitu. Basi mzee wa watu akavua koti, akalala kwenye mkeka, akafungwa bandeji kichwa kizima, akaambiwa asiongee na akaambiwa atapona kesho. Alikaa pale nusu saa. Alipoinuka alisema, huku bandeji ikimning'inia sikioni, kwamba tangu aanze kazi hospitalini hajawahi kulazwa, na hakujua kama dari linaonekana vile.

Baada ya miezi miwili cheo kikaingia kwenye orodha.

Huu ni mwaka wa tisa sasa. Fundi ana chumba chake mwisho wa wodi, chenye mkeka, rafu za chini ambazo mtoto anafikia mwenyewe, na beseni la kuoshea vichezeo. Chuo kinampelekea wanafunzi wa mazoezi. Wamepita vijana waliotoka shule moja kwa moja, amepita dereva wa gari la wagonjwa aliyestaafu, na mfagizi wa wodi ileile, ambaye watoto walimpenda kabla hajajua kwamba kuna cheti. Kila anayekuja akiwa na wasiwasi kwamba hakusoma vya kutosha, Fundi humtengenezea chai kwanza, ndipo humweleza ile njia ya pili.

Ukimwuliza amefikaje, hataji kipaji wala bidii. Atakutajia watu. Atamtaja mume aliyeuliza swali sahihi, binti na kalamu yake nyekundu, ambaye sasa ni mwalimu kweli na wanafunzi wake wanapata tabu, na yule Mwalimu mwembamba aliyemfelisha kwa haki. Atamtaja Bosi, msichana mkubwa siku hizi, anayetembea bila kuchechemea na anayeona haya akikumbushwa mto. Orodha ni ndefu, na hairuki mtu.

Sista Mkuu alipostaafu, wodi ilimwandalia sherehe ndogo katika chumba cha mchezo, watu wakiwa wameketi kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa videvu. Fundi aliombwa azungumze. Alikuwa ameandika kurasa mbili, zenye vitenzi vyote. Alisimama, akafungua karatasi, akamtazama yule mwanamke mnene kwenye kile kiti kidogo cha njano, na maneno yote yakamkimbia.

"Sista," alisema, "ulishuka ngazi ukanifuata. Asante."

Akaketi. Sista Mkuu, ambaye hakuna aliyewahi kuliona chozi lake, akatafuta leso mfuko wa kulia, akatafuta wa kushoto, asiipate.

"Haya, imetosha," alisema mwishowe, akipangusa macho kwa mkono wa nguo. "Nisaidieni kuinuka, kiti hiki kimenikamata."

Walimvuta watu watatu, kiti kikamfuata, na kicheko kilichozuka humo ndani kiliwaamsha watoto wawili waliokuwa wamelala wodini. Fundi alikwenda kuwatazama.